Amemaliza Kifungo, Mbona Anafukuzwa?

Kila inapotoka habari kwamba ndege imetua na watu waliofukuzwa ughaibuni baada ya kutiwa hatiani, mabishano huwa yale yale. Mmoja atasema jamaa wameonewa, kwani walishatumikia vifungo vyao hadi siku ya mwisho. Mwingine atauliza inakuwaje mtu aliyeishi kule miaka thelathini, mwenye kadi ya ukaazi, mke raia na watoto raia, anapandishwa ndege kama aliyeingia jana. Wa tatu hana muda wa maswali: mhalifu ni mhalifu, arudi kwao. Wote watatu wana hoja, ila wanajibizana juu ya mambo tofauti.

Sheria huuliza maswali mawili ambayo sisi tunayafanya moja. La kwanza: mtu huyu ametenda kosa gani na anastahili adhabu ipi? La pili: mtu huyu ana haki gani ya kuendelea kuishi hapa? Swali la kwanza ni la hakimu wa jinai. La pili mara nyingi hujibiwa na mamlaka nyingine kabisa, kwa sheria nyingine, na uzito wa kosa ni sehemu tu ya jibu. Sehemu iliyobaki ni karatasi alizonazo mhusika, urefu wa kifungo kilivyoandikwa kwenye hukumu, na kama kuna nchi itakayompokea.

Chukua nyumba wanamoishi watoto wa mwenye nyumba pamoja na wapangaji. Mtoto na mpangaji wakivunja dirisha la jirani, wote wawili watalipa dirisha. Ila mwenye nyumba anaweza kumwambia mpangaji ahame, na hawezi kumwambia hivyo mwanawe, kwa sababu mwana hakuwahi kukaa pale kwa mkataba. Mpangaji hata akae miaka ishirini akilipa kodi kabla ya tarehe, bado yupo kwa masharti. Kulipa dirisha ni adhabu ya kosa, na kuhamishwa ni mwisho wa mkataba. Ndivyo serikali zinavyojitetea zinapomfukuza mtu aliyekwisha kutumikia kifungo, ukubali hoja hiyo au usikubali.

Nani hasa anaweza kufukuzwa

Raia hafukuzwi nchini mwake. Haijalishi ameua au ameiba benki, atafungwa humo humo. Baada ya raia anafuata mkaazi wa kudumu, yaani mwenye kibali kisicho na tarehe ya mwisho, kama kadi ya kijani ya Marekani. Huyu anaweza kufanya kazi, kununua nyumba na kulea watoto bila kumwomba mtu ruhusa ya kila mwaka, lakini kibali chake kinaweza kufutwa akitiwa hatiani kwa makosa fulani. Kisha wapo wenye viza za muda za masomo, kazi au matembezi, ambao kamba yao ni fupi zaidi, na wasio na karatasi kabisa, ambao wanaweza kuondolewa hata kama hawajawahi kugombana na mtu. Mkimbizi ana kinga ya aina yake, nitaieleza mbele.

Kufukuzwa nchini ni amri ya serikali ya kumtoa mtu asiye raia, na kwa kawaida huja na marufuku ya kurudi. Watu huichanganya na mambo mengine matatu. Kukataliwa kuingia hutokea mpakani au uwanja wa ndege, kabla mtu hajapokewa. Kukabidhiwa kwa nchi nyingine ili kujibu mashtaka ni makubaliano kati ya serikali mbili, na anayekabidhiwa anakwenda kukabili kesi. Kuhamishiwa gereza la kwao ni mfungwa kubadilishiwa gereza, kifungo chake kikiendelea kuhesabika. Aliyefukuzwa hayumo katika makundi hayo. Akishatua kwao, kwa kawaida hana kesi wala kifungo cha kumalizia, na polisi wa nyumbani hawana la kumshika isipokuwa kama alitenda kosa huko pia. Wanaoshangaa kwa nini "serikali inamwachia" wanasahau kwamba hajahukumiwa na mahakama yoyote ya kwao.

Anayeamua hutofautiana. Uingereza ni waziri wa mambo ya ndani, na mhusika anaweza kukata rufaa. Marekani ni jaji wa uhamiaji, ambaye licha ya jina lake ni mtumishi wa Wizara ya Sheria, hayumo katika mhimili wa mahakama. Nchini Kenya mahakama inayomtia hatiani mgeni inaweza kupendekeza aondolewe, na amri yenyewe hutolewa na waziri. Uswisi imeyaunganisha yote: hakimu yule yule wa jinai hutoa kifungo na hapo hapo huamuru mtu afukuzwe kwa miaka kadhaa.

Adhabu isiyoitwa adhabu

Msingi wa hoja ya kwamba kufukuzwa si adhabu ni wa zamani. Mwaka 1893 Mahakama Kuu ya Marekani ilisikiliza kesi ya Wachina watatu wa New York waliokamatwa bila cheti cha ukaazi ambacho sheria ya mwaka uliotangulia iliwalazimisha Wachina kuwa nacho. Majaji wengi walisema kumwondoa mgeni si kumwadhibu kwa kosa, ni kutekeleza masharti ambayo nchi imeyaweka kwa wanaotaka kuishi ndani yake. Jaji David Brewer alipinga. Kwake, kumkamata mtu na kumtenga na makazi, familia, biashara na mali yake ni adhabu, tena kali. Ukiangalia maisha yalivyo ni vigumu kumbishia Brewer, lakini msimamo wa wenzake ndio uliobaki kuwa sheria hadi leo, na unaleta matokeo mazito kuliko watu wanavyofahamu.

Tokeo la kwanza ni kwamba kanuni ya kutoadhibiwa mara mbili kwa kosa moja haimsaidii anayefukuzwa, kwa kuwa mbele ya sheria ameadhibiwa mara moja tu. La pili ni wakili. Katika kesi ya jinai Marekani, asiye na uwezo hupewa wakili kwa gharama ya serikali. Katika mahakama ya uhamiaji ana haki ya kuwa na wakili, ila amtafute na kumlipa mwenyewe, na asipompata anajitetea peke yake dhidi ya mwanasheria wa serikali. La tatu ndilo linalouma zaidi: sheria ya uhamiaji inaweza kurudi nyuma. Mwaka 1996 Marekani ilipanua orodha ya makosa ya kumfukuzisha mtu, ikasema orodha hiyo mpya itawahusu hata waliotiwa hatiani kabla ya sheria kutungwa. Kuna watu walikiri kosa miaka ya themanini wakijua wazi kwamba halitagusa ukaazi wao, wakaja kulipia ukaazi huo muongo mmoja baadaye.

Nyufa zimekuwepo. Mwaka 2010 mahakama hiyo hiyo iliamua kesi kutoka jimbo la Kentucky ya mtu mzaliwa wa Honduras, mkaazi halali kwa zaidi ya miaka 40 na mwanajeshi wa zamani wa vita vya Vietnam, aliyekamatwa akisafirisha bangi. Wakili wake wa jinai alimwambia asijali kuhusu uhamiaji kwa kuwa amekaa nchini muda mrefu. Akakiri kosa, na kukiri huko kukamfungulia mlango wa kufukuzwa. Majaji walisema wakili wa jinai ana wajibu wa kumwambia mteja asiye raia kama kukiri kosa kunaweza kumfukuzisha, na asipofanya hivyo hajamtetea ipasavyo. Kwa hiyo walikubali kwamba mambo haya mawili yamefungamana mno kuweza kutenganishwa, ingawa jina la adhabu hawakulitoa.

Kosa la ukubwa gani?

Wengi hudhani wanaofukuzwa ni wauaji, wabakaji na wafanyabiashara wa dawa za kulevya. Wapo, lakini mstari umechorwa chini zaidi ya hapo, na nchi nyingi huuchora kwa urefu wa kifungo badala ya jina la kosa. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2007 inamtaka waziri atoe amri ya kumfukuza mgeni aliyehukumiwa kifungo cha angalau miezi 12, isipokuwa awe ndani ya mojawapo ya misamaha iliyotajwa. Australia pia hutumia miezi 12: tangu Desemba 2014, mgeni anayetumikia kifungo gerezani na aliyehukumiwa miezi 12 au zaidi hufutiwa viza moja kwa moja, kisha yeye ndiye anayepaswa kuandika barua kuomba arudishiwe. Idadi ya waliofutiwa viza ilipanda ghafla baada ya mabadiliko hayo, na kundi kubwa lilikuwa la raia wa New Zealand, ambao huruhusiwa kuishi Australia bila kuomba viza mapema na wengi wao hawakuwahi kujiona wageni.

Uswisi walikwenda kwa wapiga kura. Novemba 2010 asilimia 52.9 waliunga mkono kufukuzwa kwa lazima kwa wageni wanaotenda makosa yaliyoorodheshwa. Bunge lilipotunga sheria liliweka kifungu cha kumnusuru mtu atakayeingia katika taabu kubwa binafsi, na waanzilishi wa hoja wakarudi Februari 2016 wakitaka utekelezaji mkali zaidi. Safari hiyo asilimia 58.9 walikataa. Sheria iliyoanza Oktoba 2016 inafukuza kwa miaka 5 hadi 15, na katika orodha yake kuna mauaji na ubakaji, lakini pia kuvunja nyumba na kuiba, na hata kujipatia msaada wa kijamii kwa udanganyifu.

Marekani ndiko kwenye kizungumkuti hasa. Mwaka 1988 bunge lilianzisha kundi la makosa ya jinai mazito kwa ajili ya uhamiaji, nalo lilikuwa na mambo matatu tu: mauaji, biashara ya dawa za kulevya na biashara haramu ya silaha. Kundi hilo likaendelea kunenepa, na baada ya 1996 wizi wowote wenye hukumu ya mwaka mmoja ukaingia humo. Sasa tazama vipimo vyenyewe. Katika sheria ya uhamiaji ya Marekani, kifungo huhesabiwa kama kilivyotamkwa na hakimu hata kama kilisimamishwa chote. Mtu aliyeiba nguo dukani, akakiri, akahukumiwa miezi 12 iliyosimamishwa na kwenda nyumbani jioni ile ile, ameingia katika kundi moja na muuaji kwa macho ya uhamiaji. Mwenzake aliyeiba nguo zile zile akapewa siku 364 hayumo. Tofauti ya siku moja kwenye karatasi ya hukumu inaweza kuamua kama mtu atakufa akiwa karibu na wajukuu zake. Ndiyo maana mawakili wanaojua mambo huko hupigania idadi ya siku kuliko wanavyopigania faini. Sheria ya Uingereza ilivyotungwa mwaka 2007, kwa kulinganisha, haikuhesabu kifungo kilichosimamishwa.

Kuna mtego mwingine hapo hapo Marekani. Majimbo mengi yana utaratibu wa kumpa mkosaji wa mara ya kwanza nafasi: anakiri, anapewa muda wa kuangaliwa, akitulia kesi inafutwa. Mahakama ya jimbo itasema hana hatia. Uhamiaji itasema alikiri, na alipewa masharti na hakimu, kwa hiyo hatia ipo. Kufutiwa rekodi hakumsaidii kama anavyodhani. Msamaha wa rais au gavana unaweza kuondoa baadhi ya sababu za kufukuzwa, ila si zote.

Kutoka gerezani hadi kwenye ndege

Mtu anapoingizwa jela alama zake za vidole huchukuliwa na kulinganishwa na kumbukumbu za uhamiaji. Akionekana si raia, idara ya uhamiaji ya Marekani inaweza kuiomba jela imshikilie hadi saa 48 baada ya muda wake wa kutoka ili ije kumchukua. Baadhi ya miji na majimbo hukataa maombi hayo, na hilo ni ugomvi wa kisiasa unaojitegemea. Kwa makosa mengi, sheria inaamuru ashikiliwe bila dhamana hadi kesi ya uhamiaji iishe. Sheria iliyotiwa saini Januari 2025 ilisogeza mstari nyuma zaidi: asiye na karatasi akishitakiwa tu kwa wizi, hata wa dukani, au akikamatwa kwa tuhuma hiyo, lazima ashikiliwe, hata kabla ya mahakama yoyote kumwona na hatia.

Kwa kawaida kifungo hutumikiwa kwanza. Uingereza hata hivyo ina mpango wa kumwondoa mfungwa wa kigeni kabla hajamaliza, ili kupunguza msongamano magerezani. Akirejea bila ruhusa anaweza kurudishwa ndani amalizie siku zilizobaki. Mpango huo huzua kelele za aina ya kipekee, maana waathirika wa uhalifu huuliza kwa nini aliyewadhuru ameachwa huru mapema, huku jamaa zake wakiuliza kwa nini amefukuzwa.

Kinachofuata ni hati ya kusafiria. Kwa kawaida hakuna ndege inayombeba mtu bila nchi kukubali kwamba ni wake. Kama pasi imepotea au imekwisha muda, ubalozi hutakiwa kuthibitisha utaifa wake na kutoa hati ya dharura. Hapa ndipo kesi nyingi hukwama kwa miezi, mara nyingine miaka.

Kinga zilizopo, na zinapoishia

Imani kwamba ukioa au kuolewa na raia umesalimika ni ya kawaida sana, na si kweli. Ndoa inaweza kusaidia kupata karatasi. Haifuti hatia. Watoto raia nao ni hoja ya kuwekwa mezani, wala hawamgeuzi mzazi kuwa raia.

Ulaya ndiko mizani hii imeandikwa kwa uwazi zaidi. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, ikitafsiri haki ya mtu kuwa na maisha ya familia, imeweka mambo ya kupimwa: uzito wa kosa, muda aliokaa nchini, mwenendo wake tangu kosa litokee, umri wa watoto, na kama mwenzi wake anaweza kuhamia kwao bila kuharibikiwa. Mwaka 2001 raia wa Algeria aliyefungwa miaka miwili kwa unyang'anyi alishinda kesi dhidi ya Uswisi. Alikuwa amerekebika, na mkewe Mswisi asingetegemewa kuanza maisha Algeria. Mwaka 2006 raia wa Uturuki aliyefika Uholanzi akiwa na miaka 12, mwenye mwenzi na wana wawili Waholanzi, alishindwa kwa kura 14 dhidi ya 3. Yeye alikuwa ameua mtu, ingawa si kwa kupanga, na mahakama iliona wanawe bado wadogo kiasi cha kuweza kuzoea nchi nyingine. Mimi sikubaliani na hoja hiyo ya umri wa watoto. Inaugeuza udogo wao kuwa sababu ya kuwang'oa, jambo ambalo mzazi yeyote angelishangaa.

Kinga ambayo haina mizani ni ile ya kutopelekwa kwenye mateso. Mkataba wa Umoja wa Mataifa Dhidi ya Utesaji wa mwaka 1984 unakataza kumrudisha mtu yeyote mahali ambapo kuna sababu za msingi za kuamini atateswa. Mwaka 1996 Mahakama ya Ulaya iliiambia Uingereza kwamba hata kama mtu anaonekana hatari kwa usalama wa taifa, hatari hiyo haiwekwi kwenye mizani na mateso. Mkimbizi wa kawaida, kinyume na watu wanavyodhani, ana kinga dhaifu kuliko hiyo. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unakataza kumrudisha anakohofia kudhulumiwa, lakini kifungu cha 33 chenyewe kinamtoa aliyetiwa hatiani kwa kosa zito sana na aliye hatari kwa jamii. Akipoteza kinga ya ukimbizi, hubakiwa na ile ya mateso. Hatapewa karatasi nzuri wala mkono wa karibu, ila hawezi kupelekwa kwa watesaji wake.

Afrika nako, Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu unasema mgeni aliyeingia kihalali anaweza kufukuzwa tu kwa uamuzi uliofuata sheria, na unapiga marufuku kufukuza watu kwa mafungu kwa misingi ya taifa, rangi, kabila au dini.

Na raia wa kuomba? Kwa kosa alilotenda baada ya kuwa raia, kwa kawaida hafukuzwi. Kwa kosa alilolificha kwenye fomu za maombi, uraia unaweza kufutwa, na ukishafutwa amerudi kuwa mpangaji. Kuna pia waliodhani ni raia kumbe sivyo. Marekani ina watu walioletwa wachanga na wazazi wa kuasili ambao hawakukamilisha taratibu za uraia. Sheria ya mwaka 2000 iliwapa uraia wa moja kwa moja watoto wa namna hiyo waliokuwa chini ya miaka 18 ilipoanza kutumika Februari 2001, ikawaacha waliokwisha vuka umri huo. Baadhi yao walitenda makosa wakiwa watu wazima na kupelekwa Korea Kusini na kwingineko, katika nchi ambazo lugha zake hawakuzijua. Kuhusu nani abebe mzigo wa kuthibitisha uraia, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iligusa suala hilo mwaka 2018 katika kesi dhidi ya Tanzania: mtu aliyenyang'anywa pasi alitolewa hadi Kenya, Kenya nayo ikamkataa, akabaki akiishi katika kipande cha ardhi kati ya mipaka miwili. Mahakama ilisema aliondolewa kiholela na haki zake zikakiukwa. Yeye hakuwa mfungwa wa jinai, lakini hali yake inaonyesha kinachompata mtu pale nchi zote mbili zinapomkana.

Asiye na pa kupelekwa

Kesi ya namna hiyo ilifika Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 2001. Mhusika alizaliwa katika kambi ya waliopoteza makazi nchini Ujerumani, wazazi wake wakiaminika kuwa Walithuania. Alipotiwa hatiani Marekani na kuamriwa kuondoka, Ujerumani ilisema si wake na Lithuania nayo ikakataa. Je, akae kizuizini maisha yake yote kwa kosa la kukosa nchi? Majaji walisema hapana: baada ya takriban miezi sita, kama hakuna dalili ya kweli kwamba ataondolewa karibuni, aachiliwe chini ya usimamizi. Australia ilikuwa imeruhusu kizuizi kisicho na mwisho tangu 2004, hadi Novemba 2023 mahakama yao ya juu ilipobadili msimamo katika kesi ya Mrohingya, mtu wa jamii ya Waislamu wachache wa Myanmar, asiye na uraia wowote. Zaidi ya watu 140 waliachiliwa, wengi wao wakiwa na hatia za nyuma, na siasa za nchi zikachafuka kwa miezi.

Jibu la serikali limekuwa kutafuta nchi ya tatu. Mwaka 2025 Australia iliingia makubaliano na Nauru kuwapokea watu wa kundi hilo. Mwaka huo huo Marekani iliwasafirisha wanaume wanane waliotiwa hatiani kwa makosa mazito kuelekea Sudan Kusini. Walishikiliwa kwa wiki kadhaa katika kambi ya kijeshi Djibouti mawakili wakibishana mahakamani, kisha wakafikishwa Juba Julai. Ni mmoja tu kati yao aliyekuwa Msudani Kusini. Mwezi huo huo wengine watano, kutoka Vietnam, Jamaika, Laos, Kuba na Yemen, walishushwa Eswatini na kuwekwa gerezani. Hapa hoja ya kwamba huku ni kumrudisha mtu kwao inakufa. Mtu aliyemaliza kifungo katika nchi moja na kufungwa katika nchi ambayo hajawahi kuikanyaga, bila kushitakiwa humo, anaadhibiwa, liitwe jambo hilo kwa jina lolote.

Wanaotetea ufukuzaji wana hoja isiyopaswa kudharauliwa: mkaazi mmoja mwenye jeuri akiondoka, majirani zake wanalala vizuri. Hoja hiyo huwa na nguvu zaidi ukiitazama kutoka upande mmoja wa mpaka. Magenge ya Mara Salvatrucha na Barrio 18 yalianzia mitaa ya Los Angeles. Miaka ya tisini vijana wake walirudishwa El Salvador, nchi iliyokuwa imetoka tu kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe, na huko yakakua kuliko yalivyokuwa Marekani. New Zealand ililazimika kutunga sheria mwaka 2015 ya kuwafuatilia wanaorudishwa kutoka Australia, na Februari 2020 waziri mkuu Jacinda Ardern, akiwa Sydney ubavuni mwa mwenzake wa Australia, alilalamika hadharani kwamba wanapelekewa watu waliolelewa Australia. Australia ilikuja kuagiza mwaka 2023 kwamba muda mrefu wa kuishi nchini upewe uzito, na mwaka uliofuata agizo hilo likabadilishwa baada ya kelele za ndani.

Kwa aliye kwenye kesi sasa hivi, wakati wa kuuliza kuhusu uhamiaji ni kabla ya kukiri kosa, maana baada ya hapo jaji wa uhamiaji hana nafasi ya kuisikiliza upya kesi ya jinai. Wakili wa jinai aambiwe wazi hali ya karatasi za mteja, hata kama ni aibu. Na fomu ya kukubali kuondoka isitiwe saini kabla ya mtu kuelezwa anaachia haki zipi.

Aliyekwisha kuondolewa hukuta masharti yanayotofautiana sana. Zuio la Uswisi huisha lenyewe miaka ikitimia. Amri ya Uingereza haiishi mpaka mhusika aombe ifutwe na akubaliwe. Marekani kuna zuio la miaka 5, 10 au 20 kutegemea mazingira, na la maisha kwa wale wa kundi la makosa mazito, ingawa wanaweza kuomba ruhusa maalumu ya kurejea. Kurudi kinyemela baada ya kufukuzwa kwa kosa la kundi hilo ni kosa jipya linaloweza kumfunga mtu hadi miaka 20. Amri yenyewe hutaja sababu ya kufukuzwa, na sababu hiyo ndiyo hupanga urefu wa zuio. Nakala yake inaweza kuombwa kutoka kwa mamlaka iliyoitoa, hata na mtu aliyekwisha kuwa nje ya nchi.